Mawe ya Njia ya Ziwani

Baba yangu hawezi kukaa. Si mgonjwa, ana miaka sitini na bado anabeba bomba la chuma begani kutoka sokoni mpaka Nangara. Nasema kukaa, yaani kuweka makalio kwenye kiti na kuyaacha hapo. Mpe chai, ataanza kuinywa barazani, nusu yake ataimalizia getini, na kikombe utakiokota kesho yake karakanani, juu ya mashine ya kuchomelea, kina vumbi la chuma. Marehemu mama alikuwa akisema hakuolewa na mwanamume, aliolewa na kiguu na njia.

Jina lake Wilbroad, lakini mtaani wanamwita Baba Scola, na Scola ni mimi. Ni fundi wa mageti. Ukiiacha lami ukaingia mitaa yetu, kila geti utakaloliona, ama amelitengeneza yeye ama limetengenezwa na mtu aliyejifunza kwake. Madirisha yenye nondo ni yake pia. Geti letu ndilo refu kuliko yote, na juu lina ncha kali alizozinoa mwenyewe kwa grenda. Kuku wa jirani alijaribu mara moja tu.

Sasa mtu huyuhuyu, aliyeufungia mtaa mzima ndani, ana wimbo mmoja, nao unaanza na maneno haya: "Sisi zamani." Akianza, najua ugali utapoa. Sisi zamani tulikuwa tunatoka nyumbani umande haujakauka na hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi. Tulikwenda Sigino kwa miguu kula mapera ya watu. Tulikula mbaazi mbichi shambani mpaka matumbo yakauma. Tulivua perege kwa ndoano ya pini, tukawachoma palepale ukingoni, tukawala bila chumvi. Viboko tuliwajua mmoja mmoja. Hakuna aliyetuuliza! Na hapo ananyoosha kidole kwa binti yangu Vero, aliye darasa la nne, na kusema, "Huyu hata njia ya dukani haijui. Anajua njia ya bajaji tu."

Bajaji naikodi mimi. Inamchukua Vero mlangoni asubuhi na kumrudisha mlangoni mchana. Mume wangu, Xaveri, yuko Mirerani migodini na huja mwisho wa mwezi. Mimi nashinda duka la dawa mjini. Bodaboda siku hizi zinapita kama zinakimbizwa, na watu waliohamia mtaani siwajui hata nusu. Naogopa, na sioni haya kusema. Dakika mbili nisipomwona mwanangu, moyo unanikimbia.

Mwezi wa sita Vero akaja na ombi. Rafiki yake mkubwa ni Amna, mjukuu wa Mzee Halidi mwenye duka la vitambaa. Kwao Amna ni hukuhuku Nangara, upande wa chini, barabara ya kuelekea ziwani, mwendo wa dakika kumi. Vero alitaka Jumamosi aende kwao kucheza, aende kwa miguu, aende peke yake.

"Nitakupeleka," nikamwambia.

"Sitaki kupelekwa. Amna anakwenda popote. Mimi napelekwa kama gunia la mbaazi."

Nikacheka, na nikafanya ujanja ambao kila mama anaujua: nikamsukumia mwingine. "Mwulize babu yako. Yeye ndiye aliyekuwa anakwenda Sigino peke yake. Akisema nenda, nenda."

Niliamini nimeshindwa, maana babu yake angekubali tu. Nilishaanza kupanga jinsi nitakavyomfuata kwa mbali nimejitanda kanga. Vero akakimbilia karakanani, na mimi nyuma yake ili nisikie hukumu yangu. Baba alikuwa amevaa miwani yake ya giza, ameinamia bawaba. Vero akamweleza yote kwa pumzi moja. Baba akavua miwani. Akamtazama mtoto, akatazama barabara ya kwenda chini.

"Hapana," akasema.

"Lakini babu, wewe zamani..."

"Nimesema hapana. Kule kuna ziwa."

"Amna anaishi kule!"

Baba akarudisha miwani machoni, akawasha mashine, na cheche zikamaliza mazungumzo. Vero alirudi ndani akilia kwa hasira, na kabla ya kujifungia chumbani akasema neno ambalo ningemchapa kama nisingekuwa nalifikiria mimi pia. "Babu ni mwongo."

Wiki ile baba alizidi. Alipima geti la mteja mmoja mara tatu kwa siku moja. Jumapili, mtu ambaye hajawahi kuwasha mashine siku ya Bwana, alitoka kanisani akaenda moja kwa moja kuchomelea, na tai bado shingoni. Alitembea uani, akasimama, akaligusa geti, akatembea tena. Wimbo wa zamani haukusikika hata mara moja. Mwanzoni nilifurahia ukimya ule, kisha ukaanza kunitisha.

Alhamisi jioni umeme ulikatika. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka kazini. Nikamkuta karakanani ameshika fimbo ya kuchomelea mkononi na hana la kufanya nayo. Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikakaa mlangoni ili asipate pa kupitia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, kwa nini ulimkatalia mtoto?"

"Wewe si ulikuwa unataka nimkatalie?"

"Mimi ni mwoga, kila mtu anajua. Lakini wewe umetuchosha na Sigino kwa miaka thelathini. Ilikuwa kweli au ulitunga?"

Akazungukia mashine. Akazungukia meza. Karakana ni ndogo, akajikuta tena mbele yangu.

"Kweli tupu," akasema. "Ila sikuwaambia habari za mawe."

Akaniambia akiwa amesimama, kwa vipande vipande, huku akichagua na kuchambua misumari ambayo haikuhitaji kuchambuliwa.

Pale njia ya ziwani ilipokuwa inachepuka kutoka barabara kubwa, palikuwa na mwamba bapa. Kila mtoto wa Nangara na wa mjini alikuwa na jiwe lake. Si jiwe lolote. Lilikuwa jiwe analojulikana nalo, na akina mama walilijua kama wanavyojua sauti yake. La baba lilikuwa kipande cha jiwe la kusagia la bibi yangu, lililovunjika walipohama kutoka Mbulu. La Halidi lilikuwa jeupe lenye mstari mweusi. Ukishuka ziwani unaweka jiwe lako juu ya mwamba. Ukirudi unalichukua na kulilaza chini, kwenye nyasi. Mama yeyote aliyepita jioni na kuni au na ndoo ya maji alitupa jicho pale. Akikuta mwamba mtupu, anakwenda zake kupika. Akikuta jiwe, anapiga yowe, na wanaume wanashuka na mienge, kwa sababu viboko hupanda kula majani jua likishazama, na anayekutwa katikati ya kiboko na maji hana hadithi ya kusimulia.

"Ndiyo maana hakuna aliyetuuliza," baba akasema. "Walikuwa na haja gani ya kuuliza? Walikuwa wanatazama mwamba. Na sheria ilikuwa moja. Mkono wako haugusi jiwe la mwenzako. Hata kama unampenda namna gani."

Walikuwa na miaka kumi, yeye na Halidi. Siku hiyo Halidi alitakiwa madrasa baada ya adhuhuri, lakini ndoano yake ilikuwa imenasa kwenye mizizi na aliapa hatoki bila hiyo ndoano. Baba akatangulia kurudi. Alipofika kwenye mwamba akamwona kwa mbali mama mkubwa wa Halidi, Bi Siti, anakuja. Akijua kwamba Bi Siti akilikuta jiwe jeupe pale saa ile, Halidi atachapwa kwa kukimbia madrasa, baba akachukua mawe mawili. Lake akalilaza kwenye nyasi. La Halidi vilevile.

"Nilimsaidia rafiki yangu," akasema. "Nilijiona mjanja kweli. Nilikwenda nyumbani napiga mluzi."

Bi Siti akaukuta mwamba umebaki mtupu, akaenda zake. Jioni Halidi hakuonekana, na kwao wakasema amelala kwa shangazi yake baada ya madrasa, kwa maana jiwe lake halipo juu. Baba akala, akalala. Alidhani mwenzake amepitia njia ya sokoni. Wavuvi walimkuta Halidi alfajiri, juu ya mgunga, ameukumbatia mti kwa mikono na miguu, na chini yake majani yote yamelimwa kwa meno ya viboko. Hakuwa na hata mkwaruzo. Ila sauti haikutoka mpaka saa sita mchana.

Wazee wakakutana. Wakauliza nani aliliondoa jiwe. Baba alikuwapo, amejibanza nyuma ya babu yangu. Halidi akaulizwa kama alilichukua mwenyewe kisha akarudi ziwani kwa siri. Akasema ndiyo. Akachapwa mbele ya watu, na wiki ileile akapelekwa Kondoa kwa mjomba wake, akakaa miaka minne. Mawe yote yakatupwa ziwani. Tangu hapo, mtoto akitaka kutoka, anaulizwa.

"Na mpaka leo sijui," baba akasema, "kama alisema ndiyo kwa kunificha au kwa kuchoka fimbo."

"Hujamwuliza? Mnasalimiana kila siku!"

"Namsalimia tu."

Niligundua nina hasira. Miaka yote hii amelaumu simu, amelaumu bodaboda, amenilaumu mimi na bajaji yangu. Kumbe geti la kwanza la Nangara alilifunga yeye, na mkono wake haukuwa hata na grenda. Nilitaka kumwambia hivyohivyo. Lakini alikuwa ameanza upya kuchambua misumari ileile, nikameza maneno.

"Jumamosi tunakwenda dukani kwa Mzee Halidi," nikasema. "Wewe na mimi."

"Nina geti la padri."

"Padri atasubiri. Ana subira kuliko wewe."

Jumamosi tulikwenda. Njia nzima alitembea mbele yangu hatua tano, na mara mbili alikata kona isiyotuhusu, nikamrudisha. Mzee Halidi alikuwa ameketi nyuma ya meza yake, mita ya mbao mapajani, kofia imeteremka kwenye paji. Ni mtu mnene, mpole, anayekata kitambaa bila kukitazama.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mama Vero. Karibuni. Baba Scola, kaa basi, kiti hicho."

Baba hakukaa. Alishika rola la kitenge, akaliachia, akashika lingine. Nilimtazama nikiomba kimoyomoyo asianze habari za bawaba za mlango. Akaanza habari za bawaba za mlango. Mzee Halidi akamsikiliza kwa adabu. Kisha baba akanyamaza katikati ya sentensi, akasema, "Halidi, lile jiwe nililitoa mimi."

Mita ya mbao ikakoma kuchezacheza. Kuna mteja alikuwa anachungulia mlangoni; Mzee Halidi akamwonyesha mkono kwamba asubiri.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nikiwa juu ya mti. Giza lilipoingia na sikusikia yowe, nikasema, basi, Wili amelichukua. Amemwona mama mkubwa akampiga chenga. Nilijua kwa sababu mimi ningekuchukulia lako."

Sijawahi kumwona baba yangu akilia, na sikumwona siku ile pia, kwa sababu aligeukia vitambaa.

"Walikuchapa," akasema akiwa amegeuka.

"Walinichapa, ndiyo. Fimbo inapoa. Na Kondoa sikupata taabu, nilicheza mpira, nilinenepa." Mzee Halidi akaweka mita mezani. Sasa sauti yake haikuwa ya upole. "Nikwambie kilichoniuma? Siku niliyorudi. Nilishuka kwenye lori sijafika hata nyumbani, nikaja kwenu mbio, na mzigo mgongoni. Nikakukuta nje. Ukanipa mkono. 'Habari za safari, Halidi.' Ukanipa mkono kama mwenyekiti wa kijiji! Mtu nimekaa juu ya mti kwa ajili yako, nimechapwa kwa ajili yako, unaniuliza habari za safari."

"Niliona aibu."

"Miaka hamsini uliona aibu, na mimi miaka hamsini nasalimiwa. 'Habari za biashara, Mzee Halidi.' Nimechoka na habari za biashara, Wili."

Mteja wa mlangoni akaamua kwenda zake. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Nilitaka baba aseme neno zuri, kubwa, linalotosha miaka hamsini. Akasema, "Nisamehe," kwa sauti ya mtu anayeomba kupishwa njiani. Lakini akavuta kile kiti, akakikalia, akabaki hapo mpaka Mzee Halidi alipoagiza chai na tangawizi.

Ni mimi niliyetaja habari za Vero. Mzee Halidi akamkazia macho baba. "Unamfungia mtoto kwa ajili ya mti wangu? Mimi niliyekaa kwenye huo mti simfungii Amna, wewe uliyelala kitandani ndiye unayeogopa." Akacheka, tumbo likatikisika. "Mawe yalikuwa mazuri, Wili. Mawe hayakukosa. Kilichokosa ni mkono."

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, Vero alipanda juu ya ndoo, akaweka jiwe juu ya nguzo ya geti letu. Alilichagua kwa siku tatu: kokoto ya rangi ya kutu, ya kutosha kiganja chake. Baba alikuwa amekata ncha ya nguzo hiyo ili lipate pa kukaa. Masharti yakasomwa mara mbili. Unakwenda kwa Amna, hushuki chini ya pale, saa kumi uko hapa, unalitoa jiwe mwenyewe. Na sisi wengine hatuligusi, hata nyumba iungue.

Akaondoka. Alitembea katikati kabisa ya njia, mikono imenyooka, kwa majivuno ya kuchekesha. Kwenye kona hakugeuka kutazama nyuma. Mimi ndiye niliyeumia.

Sijui baba alichomelea nini mchana ule. Nilisikia mashine ikiwaka na kuzimwa, kuwaka na kuzimwa. Alitoka getini, akalitazama jiwe, akarudi. Saa tisa alikuwa amepita pale mara kumi na moja. Nilihesabu kwa sababu na mimi nilikuwa dirishani. Saa kumi ilifika. Saa kumi na dakika kumi. Nikachukua simu nimpigie mama yake Amna, baba akaniambia, "Weka chini." Saa kumi na robo nikavaa viatu. Akasimama mbele ya geti lake mwenyewe, jasho linamtiririka, akasema, "Scola, mtoto hajachelewa kufika. Amechelewa kuaga. Sisi tulikuwa tunachelewa kuaga." Lakini macho yake hayakutoka kwenye kona.

Saa kumi na dakika ishirini akatokea kwenye kona. Miguu ina tope mpaka magotini, sketi imejaa mapera, na Amna amemsindikiza mpaka nusu ya njia. Hakutusalimia. Alikwenda kwenye nguzo, akapanda ndoo, akachuchumia, akalitoa jiwe, akalitazama juu na chini kama mtu anayekagua mali yake.

"Hamkuligusa?"

"Hatukuligusa," nikasema. Kisha upesi nikajifanya nimekasirikia tope.

Baba hakusema chochote juu ya dakika ishirini. Aliingia ndani, nikamsikia anapekua nyuma ya jiko. Akatoka amevaa shati safi na ameshika kipande cha jiwe la kusagia, alichokimega kwa nyundo asubuhi, bila kuniambia, kutoka sehemu iliyobaki ya lile jiwe la bibi. Akaliweka juu ya nguzo, palepale.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Ziwani. Halidi ananisubiri njia panda, ana ndoano."

"Saa hizi? Baba, jua linashuka! Na Mzee Halidi ana mguu mbovu na kisukari. Mtarudi saa ngapi?"

Alishafungua geti. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona, kitu cha utundu.

"Mbona unaniuliza?" akasema. "Jiwe si hilo?"

Akaenda, mikono nyuma, haraka, kona ikammeza. Nikarudi ndani nikaweka maji ya ugali, nikatoka. Nikafagia uani, na uani palikuwa pamefagiwa. Nikaenda getini. Jiwe lilikuwa pale. Nikafikiria viboko, nikafikiria bodaboda zile, nikafikiria wazee wawili wanaobishana ukingoni na jua linazama upande wa pili wa maji. Nikarudi jikoni, maji yamechemka, nikasahau nilikuwa nataka kufanya nini, nikarudi getini.

Vero alikuwa ameketi kwenye kiti cha babu yake, anakula mapera, ananitazama.

"Mama," akasema, "mbona hukai?"